Bomba la Kurudi

Milimani Uhehe, 2 Aprili 1912

Mke wangu Theodosia,

Huku baridi si mchezo. Asubuhi nikifungua mdomo pumzi inatoka kama mvuke wa chungu, na Wahehe wananicheka kwa sababu nimejifunga blanketi mbili na bado meno yanagongana. Nawaambia, njooni Ifakara mwezi wa Desemba, mlale na mbu wetu, tuone nani atamcheka nani.

Umeniuliza kazi niliyoletewa huku ni kazi gani, maana Bwana Mluzi aliponiazimisha kwa rafiki yake alisema "bomba, bomba" tu kisha akaendelea kupiga miluzi yake. Basi sikiliza. Unakumbuka nyumbani kwake hapo Ifakara nilivyomfungia pipa la shaba jikoni, maji yakapata moto na kupanda kwa bomba mpaka bafuni, kwa ajili ya mkewe mwenye baridi yabisi? Hii ya huku ni ile ile, ila imekua, imeoa na imezaa. Chini ya nyumba kuna tanuri. Maji yakipata moto yanakuwa mepesi, yanapanda yenyewe bila kusukumwa na mtu, yanaingia katika masanduku ya chuma. Kila chumba kina sanduku lake. Yanaacha joto humo, yakipoa yanakuwa mazito, yanashuka kwa bomba la kurudi na kuingia tanurini tena. Nyumba nzima inapata joto na hakuna moto unaoonekana chumbani. Wallahi ni kazi tamu!

Juzi chumba cha juu kilikuwa baridi na vya chini vyote vina joto. Nilihangaika kweli. Kumbe ni hewa. Hewa ilijificha juu, maji yakifika yanakuta mlango umefungwa. Nikalegeza parafujo, ikasema fyuuu, kisha ikatema maji, na bibi wa nyumba akapanda juu ya kiti akidhani ni nyoka.

Lakini Theodosia, nikishamaliza kuwachekesha, nashuka kukaa na tanuri langu. Kihehe nasikia kidogo, Kijerumani hata kidogo hicho hakifiki. Kuna Dionisi tu, mpasua kuni, mtu mwema ila maneno yake kwa siku unaweza kuyatia kwenye kibuyu kimoja. Bwana hataniachia mpaka baridi iishe, mwezi wa tisa. Upweke huu sikuujua hata mwaka wa njaa baada ya vita, maana njaa ile tulikuwa nayo wote pamoja, mimi na mama.

Msalimie mama. Aongeze neno lake mwishoni mwa barua yako kama kawaida, nawe usilisafishe, liandike na matusi yake yote. Barua isiyo na matusi ya mama siihesabu kuwa barua.

Mimi mumeo,
Fulgensi


Ifakara, 20 Aprili 1912

Mjomba Barnaba, shikamoo.

Nakuandikia wewe kwanza kwa kuwa ni kaka yake. Mama Emerensiana, dada yako, hatunaye. Maji ya Kilombero mwaka huu yalipanda mpaka mlangoni, tukalala kwenye unyevu, akashikwa na kifua. Nilimkanda, nikamchemshia majani, mke wa Bwana Mluzi naye akatupa dawa ya chupa. Hakikusaidia kitu. Jumatano alfajiri aliniomba uji, nikageuka kuukoroga, nilipogeuka tena alikuwa ameshakwenda. Tumemzika upande wa Mlabani, mahali palipo juu, maji hayafiki.

Mzee Tadei, shemeji yake, aliuzima moto wa nyumba kwa mkono wake na kuyatoa majivu yote nje, kama mila yenu inavyotaka. Akaniambia moto mpya utawashwa na mtoto wa marehemu, si mwingine. Na mtoto ni Fulgensi peke yake. Kwa hiyo nakaa katika nyumba isiyo na moto, mjomba. Nakwenda kula kwa jirani yangu Serafina. Ananipa kwa moyo mweupe, lakini mtu mzima kusimama na bakuli mlangoni kwa mwenzake kila siku, nisikufiche, naona haya.

Nilikaa chini kumwandikia Fulgensi. Nikaandika jina lake, nikaandika "mama", mkono ukakataa. Miguu yako imepona vidonda? Ungeweza kuvuka mto ningekuomba uje. Niambie nifanye nini.

Mkwe wako,
Theodosia


Mahenge, 3 Mei 1912

Mkwe wangu Theodosia,

Marahaba, na pole. Nimesoma barua yako nimekaa mlangoni, na sikuweza kuingia ndani mpaka jua lilipozama. Vidonda bado, hata kanisani napelekwa nimeshikwa mkono. Ningekuwa na mguu ningekuja.

Sasa nisikilize vizuri. Mkono wako uliokataa ulikuwa na akili. Msiba hauandikwi. Mtu aliye peke yake ugenini haambiwi kifo, sembuse kifo cha mama yake. Anaitwa nyumbani, anakalishwa katikati ya watu wake, mmoja anamshika bega, ndipo anaambiwa. Hili silisemi kwa kuwa ni mila tu. Wewe ulikuwa mtoto wakati wa vita ya Maji Maji. Baba yake Fulgensi alipokwenda bomani na ile dawa ya maji mwilini, akaangushwa na risasi, mtu mmoja mpumbavu alipita shambani kwa dada yangu akampigia kelele kutoka njiani, "Mumeo amekufa!" kisha akaenda zake. Dada alikuwa peke yake katika mpunga. Tulimkuta jioni bado ameinama, mkono umeshika suke, hajalikata. Hakusema neno na mtu mpaka mavuno yalipokwisha. Ndipo akaniambia: Barnaba, katika nyumba hii asiambiwe mtu kifo akiwa peke yake, hata kama ni kifo changu mimi. Nilimwahidi.

Kwa hiyo mwite mumeo. Lakini usimwandikie "njoo, mama mgonjwa." Yeye ni mtoto wa kwetu. Akiona neno "mgonjwa" atajua ni kaburi, na atakuwa amejua akiwa peke yake. Tafuta jambo jingine. Huyo ni mtu wa mabomba. Mwite kwa mabomba.

Vumilia nyumba baridi, mwanangu. Mungu anakuona.

Barnaba, katekista


Ifakara, 11 Mei 1912

Mume wangu Fulgensi,

Barua yako ya baridi na nyoka wa hewa nimeipata, nikacheka. Sisi huku maji ya mto yameanza kushuka na njia ya Sanje inapitika kidogo kidogo.

Nina habari isiyo nzuri, usishtuke, ni ya kazi. Maji ya moto kwa Bwana Mluzi yameharibika. Evaristo mpishi anawasha moto jikoni tangu asubuhi, bilula ya bafuni inatoa maji baridi tupu. Bibi analalamika viungo vyake, mimi na kufua kwangu nguo pale ndiye ninayesikia kelele zote. Hakuna anayeijua kazi ile ila wewe uliyeifunga. Mwombe Bwana wako akupe ruhusa uje uitengeneze, hata kwa siku chache, kisha urudi. Njoo upesi, Fulgensi. Naomba sana.

Mama anakusalimu.

Mkeo,
Theodosia


Milimani Uhehe, 29 Mei 1912

Theodosia,

Ee mke wangu, kwa hilo tu unataka nivuke milima? Bwana wangu hawezi kuniachia baridi hii, na hakuna haja. Wewe una macho na mikono. Mimi nitakuongoza kwa barua, ukifuata ninavyosema maji yatakuwa ya moto kabla ya Jumapili.

Anza juu, usianze jikoni. Watu wote wanakimbilia motoni, ni kosa. Mwambie Evaristo apande darini atazame pipa la juu. Kama maji yamepungua mpaka chini ya mdomo wa bomba, mzunguko umekatika, na hata mkichoma msitu mzima bafuni hamtapata kitu. Jazeni.

Pipa likiwa limejaa, tafuta hewa. Pale bomba linapopinda juu ya mlango wa bafu niliweka parafujo ndogo. Ilegeze kidogo tu. Ikisema fyuuu, iache mpaka iteme maji, kisha funga. Usiilegeze yote, itakuunguza, na mimi nakupenda ukiwa na ngozi yako.

Kama si hewa, ni ukoko. Maji ya huko kwetu yana matope na chumvi, yanashika chini ya pipa la shaba kama ukoko wa wali. Moto unapasha ukoko badala ya kupasha maji. Utajua kwa sauti: likipata moto linanguruma na kugonga. Mtamwaga maji yote na kulisugua. Mwisho kabisa ndiyo mtazame jiko lenyewe, majivu yasizibe hewa ya chini, na tundu la moshi lisiwe na kiota.

Na kitu kikubwa kuliko vyote: shika mabomba mawili kwa viganja, la kupanda na la kurudi, niandikie lipi lina joto. Hapo ndipo mabomba husema ukweli.

Sasa niambie, mama amekuwa na adabu tangu lini? "Mama anakusalimu"! Mama yangu? Yule aliyeniambia barua iliyopita kwamba nimeoa mwanamke anayejua kusoma ili nipate wa kunisomea ujinga wangu? Mwambie sikubali. Nataka neno kamili.

Nimeanza kuongea na tanuri. Linajibu kuliko Dionisi.

Mumeo,
Fulgensi


Ifakara, 15 Juni 1912

Mume wangu,

Nimefanya yote. Pipa la juu limejaa. Hewa tumeitoa, ilisema fyuuu kama ulivyosema. Ukoko tumesugua, majivu tumezoa, kiota hakipo. Maji ni baridi vile vile. Nimeshika mabomba kwa viganja: la kupanda ni baridi, la kurudi ni moto.

Umeona basi kuwa ni jambo kubwa? Halitaki barua, linataka fundi. Mwambie Bwana wako kwamba Bwana Mluzi amekasirika. Mwambie chochote. Njoo, Fulgensi, sina nguvu tena ya kuandika juu ya mabomba.

Neno la mama hili hapa: "Wewe mjinga, rudi nyumbani, milima si mama yako."

Mkeo,
Theodosia


Ifakara, 15 Juni 1912

Mjomba Barnaba, shikamoo.

Nimetoka kuandika uongo, na sasa nakuandikia wewe kweli ili mkono usizoee. Bomba la Bwana Mluzi halina ubaya wowote. Maji yake ni moto mpaka Bibi anaimba bafuni. Nimemwita Fulgensi kwa bomba kama ulivyoniagiza, na badala ya kuja ananifundisha ufundi! Karatasi nzima, hewa, ukoko, majivu. Nilisoma nikacheka, kisha nikalia, kwa kuwa ile ndiyo namna yake ya kunipenda na mimi namjibu kwa uongo.

Tena leo nimetenda jambo baya. Nimemfanya mama aseme. Alitaka matusi yake, nikayatunga, nikaweka jina lake. Kuna wakati nilikuwa nimekaa pale, kalamu mkononi, nikitafuta mama angesema nini, na ikawa kama yupo chumba cha pili. Nilipomaliza nikaita, "Mama, nimeandika sawasawa?" Nyumba kimya. Hata moto haupo wa kulia kuni zake.

Mjomba, mila inasema asilie peke yake. Na mimi je? Nimelia peke yangu tangu Aprili na hakuna mila iliyonitafuta. Nisamehe, si kukukosea adabu. Nimechoka tu.

Theodosia


Milimani Uhehe, 6 Julai 1912

Theodosia,

Haiwezekani.

Nimesoma barua yako nikaenda chini kushika mabomba yangu mwenyewe kuhakikisha dunia haijapinduka. La kupanda baridi na la kurudi moto! Mke wangu, maji ya moto hayashuki na ya baridi hayapandi. Hata mganga mkuu wa Maji Maji asingeahidi hilo. Labda Evaristo alifungua mabomba akayafunga kinyume? Lakini yeye hana ufunguo wa kufungulia, ninao mimi huku. Labda umeshika moja ukadhani jingine? Nakuchorea nyuma ya karatasi hii: lenye alama ya msumari ndilo la kupanda, linatoka kwenye kichwa cha pipa la shaba. Lishike tena. Usiharakishe.

Nimezima tanuri la huku nusu siku, nikalijaribu kila namna nione kama naweza kulifanya liugue ugonjwa wako. Nimefunga hapa, nimefungua pale. Bwana alikuja kuuliza kwa nini nyumba ni baridi, nikamwambia natafuta kitu. Kila nikiliharibu linaharibika kwa namna nyingine, hiyo yako haliitaki. Nawaza asubuhi, nawaza nikila. Pengine nafurahia kidogo, nisikudanganye, maana linanifanya nijione niko hapo jikoni pamoja nawe, wewe unashika na mimi nauliza.

Neno la mama nimemsomea Dionisi. Hakucheka. Nikamwambia, huyu si wa kucheka. Kisha nikaona hata mimi sikucheka. Ni la kweli lakini halina chumvi yake. Theodosia, mama mzima? Nijibu hilo kwanza, mabomba baadaye.

Fulgensi


Ifakara, 22 Julai 1912

Mume wangu,

Nimeshika tena kama ulivyochora. La msumari ni baridi. Pengine lina joto kidogo, sijui, viganja vyangu vimechoka.

Mpunga tumevuna, si haba. Serafina amejifungua mtoto wa kike, wamemwita Yosefina. Usiku huku nako kuna kijibaridi sasa.

Njoo, Fulgensi. Nimekuomba kwa bomba, sasa nakuomba kwa jina lako.

Mkeo,
Theodosia


Milimani Uhehe, 8 Agosti 1912

Mke wangu mpendwa,

Nimeifikiria sana ile hitilafu na sasa nimeijua. Haitengenezeki kwa barua, ulisema kweli, na mimi nilichelewa kukusikia. Inataka nije mwenyewe.

Bwana amegoma mara mbili, mara ya tatu amechoka nami. Nimemfundisha Dionisi tanuri. Amejua kutoa hewa na kujaza pipa, na nimemwachia parafujo za akiba. Natoka kesho na watu wanaoshuka na mizigo. Nikifika Sanje nitakuwa kama nimefika.

Mwambie mzee Tadei nakuja, asiende mbali. Waambie na majirani, nitapenda kuwakuta. Wewe usiende tena kushika mabomba ya watu. Kaa, pumzika, kula vizuri.

Msalimie mama. Asiongeze neno safari hii, nitalisikia nikifika.

Mumeo,
Fulgensi


Ifakara, 2 Septemba 1912

Mjomba Barnaba, shikamoo.

Fulgensi amekuja. Nakueleza yote kwa kuwa ulitakiwa uwe umekaa mkekani pale na miguu yako ikakunyima.

Alifika mchana, amekonda, amevaa kofia kubwa ya sufu ya huko milimani, jua lote hili la Ifakara. Nilimpokea mfuko wa vyombo vyake vya kazi. Alinitazama usoni, akaniuliza habari za mabomba. Nikasema, "Kaa kwanza, wazee wanataka kukusalimia." Akakaa bila kuuliza wazee gani na kwa nini. Walikuwepo mzee Tadei, Serafina na mumewe, na wengine wa Kibaoni. Alisalimia kila mtu, shikamoo kwa shikamoo, hakumruka hata mmoja. Mzee Tadei akasogea, akamshika bega, akamwambia.

Alilia, mjomba. Alilia kama mtoto, na watu wakamshika kila upande, na mimi nikalia wazi mbele za watu kwa mara ya kwanza tangu tulipozika. Nilijisikia mtu tena. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, mjomba alikuwa na haki, hivi ndivyo inavyotakiwa.

Ndipo mzee Tadei akaagiza wembe na maji, anyolewe kama mfiwa. Fulgensi akasema, "Baba, subiri." Akavua kofia. Kichwa kilikuwa kimeshanyolewa. Tena si jana wala juzi, nywele zilikuwa zimeanza kuchomoza, na juu ya sikio palikuwa na alama ya kidonda kilichopona vibaya, pale alipojikata.

Mzee Tadei akauliza nani alimnyoa. Akajibu, "Mimi mwenyewe."

Alinieleza watu walipotawanyika. Siku ile ile nilipomwandikia kwa jina lake, Bwana Mluzi naye alikuwa amemwandikia rafiki yake kule juu, na barua zetu zilifika kwa tarishi mmoja. Bwana wake alimwita ampe sifa: Bwana Mluzi anashukuru, maji ya moto hayajasimama hata siku moja, mkewe viungo vimepona. Fulgensi akasema, ahsante, Bwana. Akashuka kwenye tanuri lake na barua zangu zote, akazisoma tena toka ya kwanza. Bomba ni zima. Mke anamwita kwa bomba. Mama hana matusi. Nimeulizwa kama mama ni mzima nikajibu habari za mpunga. Akasema hapo hakuhitaji kuambiwa na mtu. Kwetu ni nani asiyejua mtu huitwaje nyumbani kwenye msiba?

Alinyoa kichwa pale pale, kwa wembe wa Dionisi, bila kioo. Dionisi alishika taa. Nikamuuliza kwa nini hakuniandikia kwamba amejua. Nilikuwa na hasira, mjomba, kwa kweli nilimpandishia sauti. Akasema, "Wewe ulikuwa umebeba jambo hili miezi yote hiyo ili unipe mbele za watu. Ningekupokonyaje njiani?" Basi ndivyo ilivyokuwa: tulimficha ili asilie peke yake, akalia peke yake kwenye baridi ile, na mimi nikalia peke yangu huku, na wewe mlangoni kwako. Sijui tulimwokoa na nini. Lakini naye anasema angekasirika kama ningeandika. Sielewi, na nimeacha kutafuta kuelewa.

Jioni aliwasha moto. Alipekecha kwa vijiti kama zamani, hakutaka kiberiti, ukakataa mara nyingi na mzee Tadei akamtania kwamba Wazungu wamemharibu mikono. Uliposhika tukateka maji, tukachemsha chungu kikubwa, tukaoga wote wa nyumba ile kama inavyopasa. Nikapika. Nilimpelekea Serafina bakuli la wali mlangoni kwake, nikasimama wima.

Tulipokuwa tumekaa, Fulgensi akachota majivu ya mwanzo, akayatandaza chini, akachora kwa kidole pipa, bomba hili na bomba lile. Akanishika kidole changu akakipitisha juu ya mchoro, polepole, maji yanapanda hapa, yanapoa hapa, yanashuka hapa. Akasema, "La kurudi haliwezi kuwa moto kuliko la kupanda, mke wangu. Siku nyingine ukitaka kunidanganya, unidanganye vizuri." Nilicheka mpaka machozi yakatoka upya. Kisha nikageuka, nikamwachia nafasi mama aongeze neno lake, na wote wawili tukangoja.

Wasalimie wote huko Mahenge. Fulgensi atakuja kukuona mto ukiwa bado chini, anasema atakutengenezea kiti chenye magurudumu.

Mkwe wako,
Theodosia